Mafiga Yenye Namba

Inspekta Levina Ngalapa alifika mahabusu ya polisi Ifakara saa moja na nusu asubuhi. Saa nane mchana jalada la kesi lilitakiwa liwe mezani kwa wakili wa serikali, na kwa jinsi lilivyokuwa limeandikwa hadi asubuhi ile, Polikarpo Matimbwi, fundi mkuu wa kalvati la Namwiho, angesomewa shitaka la kuua bila kukusudia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nasikia leo ndiyo leo."

"Nani kakwambia?"

"Vijana wako wanaongea kwa sauti. Wanadhani tukifungiwa humu tunafungwa na masikio."

Alikuwa mzee wa miaka sitini na tatu, mwembamba, mwenye viganja vilivyochubuliwa na simenti kwa miaka arobaini. Siku tisa zilizopita kalvati alilolimwaga, lililopitisha magari kwa wiki tatu tu, lilikatika katikati chini ya Fuso la mpunga lililotokea upande wa Mngeta. Dereva wake, Beno, alikutwa amekufa ndani ya kabini, na maji ya mfereji yakiwa yamefika kwenye usukani. Polisi walipopekua nyumbani kwa Polikarpo walikuta mifuko kumi na moja ya simenti ya mradi imefunikwa turubai. Tangu saa hiyo kila mtu kituoni aliiona kesi kama iliyokwisha, isipokuwa Levina, ambaye hakupenda kesi zinazokwisha kabla hajaziuliza maswali.

"Tuanze tena na ile mifuko," alisema.

"Nimeshasema mara nne."

"Sema ya tano."

Polikarpo alishusha pumzi. "Mafuriko ya mwezi wa tatu yaliingia stoo. Mifuko ya chini ikaloa. Simenti ikiloa inaganda. Ukiiponda inarudi kuwa vumbi, lakini nguvu imeshaondoka. Nikamwambia injinia tuitupe. Akasema tuichekeche, tutumie. Basi ile iliyoharibika zaidi nikaibeba kwangu, wasije wakaitia kwenye zege. Iliyobaki wakaitia."

"Uliandika mahali popote?"

"Mimi naandika kwa mwiko, mama."

Levina alikuwa amekwisha kuipasua mifuko ile kwa nyundo. Kweli ilikuwa migumu kama mawe. Lakini simenti huganda hata nyumbani kwa mwizi, kama paa lake linavuja, na paa la Polikarpo lilivuja. Mifuko haikuthibitisha kitu. Kilichomkaba mzee yule kooni kilikuwa karatasi moja, cheti cha maabara.

Kila zege la kazi kubwa linapomwagwa, kiasi kidogo hujazwa kwenye maboksi ya chuma, kikatoka vipande vya pembe nne ambavyo mafundi huviita kyubu. Kyubu huzamishwa majini, kisha huvunjwa kwa mashine, nyingine siku ya saba na nyingine siku ya ishirini na nane, ili ijulikane zege lina nguvu kiasi gani. Cheti cha Namwiho kilisema kyubu zote sita zilivunjwa na zote zilifaulu. Sasa, kama zege la kwenye kyubu lilikuwa zima na la kwenye kalvati likawa bovu, basi baada ya kyubu kujazwa kuna mtu aliyepunguza simenti kwenye zege lililofuata. Na mtu mmoja tu ndiye aliyekutwa na mifuko nyumbani.

"Kyubu nani alizijaza?"

"Mimi. Sita. Nikazichora kwa msumari zikiwa mbichi. NM moja mpaka NM sita, na tarehe."

"Zikaenda maabara?"

"Tatu niliziona zikipakiwa kwenye gari la injinia, siku ya saba."

"Na tatu nyingine?"

"Hizo sikuziona."

"Kwa hiyo hazikwenda."

"Sijasema hazikwenda. Huenda zilikwenda. Nimesema sikuziona."

Levina aliandika maneno yale jinsi yalivyotamkwa. Mtu anayejitetea kwa kawaida haachi nafasi ya "huenda". Au ndivyo wanavyofanya wajanja. Aliweka alama ya kuuliza pembeni mwa mstari, akafunga daftari.

*

Mhandisi Fidelis Lyampaga alimpokea kwenye kontena la ofisi ya mradi kule Namwiho. Shati lake lilipigwa pasi, na viatu vyake vilikuwa visafi kuliko barabara iliyomfikisha pale. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

"Shikamoo, mama. Pole na barabara."

"Marahaba. Nataka kuona vipimo."

Fidelis hakutafuta. Faili lilikuwa juu ya meza, na cheti kilikuwa cha kwanza ndani yake. Levina alikipindua mbele na nyuma. Karatasi zote za mradi alizoziona tangu wiki iliyopita zilikuwa na alama za vidole vya matope, na nyingine zilikuwa na pete za vikombe vya chai. Hii ilikuwa nyeupe kabisa.

"Kyubu zote sita zilivunjwa?"

"Zote. Tatu tarehe ishirini na tisa mwezi wa nne, tatu tarehe ishirini mwezi wa tano."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, na mtaalamu wa maabara alikuwepo. Saini mbili hizo hapo, na mhuri."

"Simenti iliyoloa je?"

Alitabasamu kwa adabu. "Mafundi wana imani zao, mama. Simenti ikichekechwa vizuri haina tatizo. Ingekuwa na tatizo, kyubu zingeonyesha. Soma namba. Siku ya saba zinatakiwa zifike nyutoni kumi na saba, zimepita. Siku ya ishirini na nane zinatakiwa ishirini na tano, zimepita. Kosa haliwezi kuwa la zege. Ni la aliyelimwaga."

Alijibu kama mwanafunzi aliyeyaona maswali jana yake. Levina alimwangalia mikono. Ilikuwa imetulia, na hilo halikumpendeza.

"Namwonea huruma yule mzee," Fidelis aliongeza. "Kazini alikuwa mzuri."

"Alikuwa? Hajafa."

Alitoka nje. Konstebo Evod, dereva wake, alikuwa amekwisha kujipatia benchi kwenye banda la mama ntilie kando ya kontena, sahani ya wali na perege mbele yake. Mama mwenyewe, Paskalina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alikuwa akigombana na jiko lake.

"Shikamoo, afande. Kaa ule. Nisubiri tu niitulize hii sufuria, mafiga yenyewe haya ya ovyo, yanamung'unyuka kama mkate mkavu."

Levina aliinama kuangalia. Sufuria kubwa ya wali ilikuwa imekalia mafiga matatu. Hayakuwa mawe wala matofali ya kuchoma. Yalikuwa vipande vya zege, pembe nne kamili, vinavyolingana kama mapacha.

"Mama Paskalina, epua sufuria."

"Wali haujaiva!"

"Epua."

Paskalina aliepua huku akinung'unika. Levina alivuta kuni, akachota maji kwa kopo, akamwagia kipande cha kwanza. Moshi ulipopungua alikipangusa masizi kwa jani la mgomba. Mwandiko ulikuwa wa msumari, umeinama kidogo: NM 5, na chini yake, 22/4. Akaosha cha pili. NM 4. Akaosha cha tatu, ambacho pembe yake moja ilikuwa imekwisha kuwa mchanga. NM 6.

Evod aliacha kutafuna.

"Umevipata wapi hivi?" Levina aliuliza.

"Nimepewa. Nilimwomba injinia matofali, akaniambia chukua hivyo vilivyomo kwenye pipa la maji, havina kazi."

"Lini?"

"Mwezi wa tano. Kabla ya barabara kufunguliwa, maana siku ya ufunguzi nilishapikia hapo pilau ya wageni."

"Una undugu na Mzee Polikarpo?"

"Undugu!" Paskalina aliweka mikono kiunoni. "Yule mzee na mimi hatusalimiani tangu Pasaka. Alisema mbele za watu kwamba wali wangu una mawe. Akafungwe hata leo, sitapeleka chai."

"Nitavichukua hivi vitatu."

"Uvichukue? Na wali niupikie kwenye magoti yangu?"

"Evod, mtafutie mama matofali."

Levina aliinua macho. Mlangoni mwa kontena Fidelis alikuwa amesimama, simu sikioni. Walipoangaliana alirudi ndani.

*

Maabara iliyotoa cheti ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, mjini Ifakara, kwenye barabara iendayo Kivukoni. Walifika saa sita kasorobo. Mtaalamu wake, Edna Mgwasa, msichana mrefu aliyevaa koti jeupe, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, afande. Karibuni. Najua mmekuja kwa ajili ya Namwiho."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Ifakara ndogo hii."

Daftari la maabara lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa tarehe ishirini mwezi wa tano. Levina alikaa mbele yake bila kuligusa. Hakuwa ametaja tarehe yoyote.

"Ulivunja kyubu za Namwiho?"

"Ndiyo, afande. Zote sita. Tatu siku ya saba, tatu siku ya ishirini na nane."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Mimi sikusoma mambo haya. Nielekeze zinavyovunjwa."

Edna aliiendea mashine kwa furaha ya mtu aliyeulizwa anachokijua. Alionyesha bamba la chini na la juu, mkono wa kupandishia shinikizo, na mshale unaopanda mpaka kyubu ipasuke.

"Ikishapasuka inabaki na umbo gani?"

"Haibaki na umbo. Pembeni zinamwagika, katikati inakuwa kama piramidi mbili zimegusana vichwa. Tunazitupa kule nyuma."

"Haiwezi kubaki nzima?"

"Ikibaki nzima ujue haijavunjwa."

"Evod, lete mzigo."

Evod aliingia na kiroba, akakiweka juu ya meza, akatoa kipande cha kwanza. Kilikuwa cheusi upande mmoja, na punje mbili za wali zilikuwa zimegandia pembeni.

"Soma kilichoandikwa," Levina alisema.

Edna alisoma kwa sauti ndogo. "NM tano. Ishirini na mbili, mwezi wa nne."

"Cheti chako kinasemaje kuhusu NM tano?"

Edna hakuangalia cheti. "Ishirini na sita nukta nne."

"Umekumbuka haraka. Hujaulizwa nyingine, lakini nazo zipo. Evod."

NM 4 na NM 6 zilipangwa pembeni mwa mwenzao. Nje, gerejini, mtu alikuwa akigonga rimu la tairi, halafu akaacha.

"Zimepikiwa," Edna alisema hatimaye. "Moto unapunguza nguvu ya zege. Mkizivunja sasa, wakili yeyote atayakataa majibu."

"Sikuja kujua nguvu zake. Nilikuja kujua kama ziliwahi kuvunjwa. Umenijibu mwenyewe." Levina alisogeza cheti kikawa katikati yao. "Sasa niambie namba hizi zimetoka wapi. Mtu akibuni, hubuni ovyo. Hizi zimekaa kwa mpangilio. Kuna sehemu zimenakiliwa."

Edna alikaa. Alivua miwani, akaishika mkononi.

"Ni desa, afande."

"Desa ni nini?"

"Ripoti ya zamani. Chuoni tulikuwa mia na arobaini, mashine moja. Zamu yako ikifika una dakika tano. Kulikuwa na ripoti ya zege iliyokuwa inarithiwa, darasa hadi darasa. Unanakili, unabadilisha tarakimu ya mwisho, unapeleka."

"Walimu hawakujua?"

"Nao waliitumia walipokuwa wanafunzi."

Evod alitaka kucheka, akajizuia.

"Kulikuwa na mwenzetu mmoja, Donati," Edna aliendelea. "Yeye aliandika kile alichokiona kwenye mashine. Kilikuwa kidogo. Mwalimu akazungushia wino mwekundu: hayalingani na kitabu, rudia. Donati akapigwa sapu, akarudia mtihani wakati wenzake tuko likizo. Sisi wa desa tulipata A. Hakuna aliyesimama ubaoni akatuambia tudanganye, afande. Hata somo la maadili ya uhandisi tulikuwa nalo, kila Ijumaa mchana. Mahudhurio tulisainiana."

"Wewe ulimsainia nani?"

Edna alitazama cheti.

"Fidelis," Edna alisema.

"Na mwezi wa tano ukamsainia tena."

"Alikuja na cheti kimeshajazwa. Akasema, Edna, ni mhuri tu. Kwetu ukimnyima mwenzako saini unaitwa msaliti, afande. Darasa zima linakutenga."

"Darasa lipi? Umemaliza chuo miaka minne iliyopita."

Levina alitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika ishirini. Alikuwa na kyubu tatu zilizofichua uongo wa mwezi wa tano. Lakini wakili wa Fidelis angesema tatu za kwanza zilivunjwa na zilifaulu, na hizo peke yake zingetosha kumbakiza Polikarpo ndani. Alikumbuka sentensi aliyoiandika asubuhi. Tatu niliziona zikipakiwa.

"Zile za siku ya saba zililetwa hapa."

"Ndiyo."

"Hizo ulizivunja kweli."

"Ndiyo."

"Zikatoa ngapi?"

Edna alifuta miwani kwa pindo la koti, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ngapi, Edna?"

"Tisa. Ya pili tisa na nusu. Ya tatu tisa."

"Zilitakiwa kumi na saba."

"Ndiyo."

"Fidelis akafanya nini?"

"Alicheka. Akasema tumekosea mahali. Labda fundi hakushindilia kyubu vizuri, labda mashine yangu imechoka." Aliinua macho. "Na mimi niliamini hivyohivyo, afande. Sikukusudia kumficha mtu yeyote. Haikunijia hata kidogo kwamba zege lenyewe ndilo bovu. Miaka minne ya chuo, namba ikiwa ndogo, maana yake mwanafunzi kakosea. Tukarekebisha. Zile nyingine tatu akasema hakuna haja ya kuzihangaisha."

Levina alikuwa ameingia mlango ule akitafuta rushwa, akitafuta bahasha, kitu cha kuweka kwenye jalada ambacho kila mtu angekielewa. Alimkazia macho msichana yule akitafuta dalili kwamba hadithi hii nayo ilikuwa desa. Akaomba daftari la maabara, akafunua nyuma mpaka tarehe ishirini na tisa mwezi wa nne. Namba zilikuwa kumi na saba na ushei, kwa wino wa bluu. Aliinua ukurasa ukaelekea dirishani. Chini ya wino, pale karatasi ilipokuwa nyembamba kwa kufutwa, ilionekana alama ya penseli, ndogo, ya duara na mkia wake. Tisa. Chini yake tisa nyingine.

"Unaandika kwanza kwa penseli?"

"Siku zote."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyozoea," Edna alisema, na uso wake ukamshuka.

Levina alitoa karatasi za maelezo, akaziweka mbele yake pamoja na kalamu.

"Mzee Polikarpo yuko ndani siku ya tisa kwa ajili ya hiki cheti. Saa nane jalada lake linakwenda kwa wakili wa serikali."

"Nikiandika, bodi itanifutia usajili."

"Inawezekana."

"Na mimi nitashitakiwa?"

"Inawezekana pia. Sitakuahidi kitu. Una haki ya kukataa kuandika, na una haki ya kumwita wakili kwanza."

"Fidelis akikana?"

"Basi yatabaki maneno yako, penseli yako, na mafiga matatu."

Edna aliishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. "Nianzie wapi?"

"Anzia kwenye mashine. Ulichokiona."

Aliandika kwa nusu saa. Kwa mujibu wa utaratibu Levina alimwambia asome kwa sauti alichoandika kabla ya kutia saini. Mistari ya kwanza Edna aliisoma vizuri. Alipofika kwenye "niliona tisa, nikaandika kumi na saba," alirudia kuisoma, kana kwamba mara ya kwanza aliyeisoma alikuwa mtu mwingine.

*

Wakili wa serikali alisoma maelezo yale mara mbili akiwa amesimama. Saa nane na robo Evod alitumwa Namwiho na askari wawili kumleta Fidelis. Saa tisa ilitoka karatasi ya kuamuru Polikarpo Matimbwi aachiwe.

Sajenti Maximilian, aliyekuwa kaunta, alimsogezea mzee daftari la mahabusu.

"Haya mzee, saini hapa kwamba umepokea vitu vyako vyote."

"Viko wapi?"

"Vinakuja. Saini kwanza nifunge ukurasa, zamu yangu imeisha."

"Vikija nitasaini."

"Mzee, unataka kutoka au hutaki?"

"Nataka. Mke wangu yuko pale nje juani tangu asubuhi."

"Sasa si usaini? Saini tu, mambo madogo haya."

Polikarpo aliegemeza viwiko kwenye kaunta, akasubiri. Maximilian alimgeukia Inspekta amsaidie. Levina alivuta benchi la wageni, akakaa.

"Kavilete, Sajenti," alisema.

Vililetwa ndani ya boksi la sabuni. Polikarpo alitoa mkanda, akauvaa. Akatoa viatu, akavikung'uta. Akatoa rozari, akaipitisha vidoleni punje kwa punje mpaka msalabani. Akatoa futi yake ya chuma, akaivuta yote, mita tano, mpaka ikagusa ukuta wa pili, akaiachia ikarudi. Kisha akachungulia ndani ya boksi tupu.

"Na simu," alisema.

Ilitafutwa. Dakika kumi baadaye ilipatikana kwenye droo ya juu, ikiwa imezimika. Polikarpo aliigeuza, akaitia mfukoni, akaomba kalamu.